Tetemeko la kina kirefu: usome mawimbi, usome mwamba, au uende maabara?

Mwanafunzi wa jiolojia anayetaka kuandika tasnifu kuhusu chanzo cha matetemeko ya chini sana ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kusoma mawimbi yaliyonaswa na seismomita, kifaa kinachorekodi mtikisiko wa ardhi. Ya pili ni kwenda kwenye miamba ambayo zamani ilikuwa kilomita 30 au 60 chini ya ardhi, ikapandishwa juu milima ilipojengeka, na kutafuta ndani yake mshipa ulioachwa na tetemeko lenyewe. Ya tatu ni kuchukua kipande cha mwamba, kukiingiza kwenye mashine, kukibana na kukipasha moto mpaka kivunjike.

Wengi huchagua kwa kuangalia kifaa kilichopo chuoni au mwalimu anayepatikana. Naona huko ni kuanzia mwisho. Anza na kina: tetemeko unalotaka kulielewa lilitokea kilomita ngapi chini? Ukishajibu hilo, njia moja au mbili zitajiondoa zenyewe.

Ugumu wenyewe uko hivi. Mwamba ulio karibu na uso wa dunia ni baridi na mgumu. Ukisukumwa kupita kiasi unakatika, na kukatika huko ndiko tetemeko. Ukishuka, joto linapanda na uzito wa miamba iliyo juu unaongezeka. Katika ukoko wa kawaida wa bara, yaani tabaka gumu la juu la dunia, ukipita kilomita 15 hadi 20 hivi, madini ya kwazi huanza kunyumbuka na kutiririka polepole badala ya kuvunjika. Kwa hesabu hiyo, chini ya hapo pangekuwa kimya. Lakini mwaka 1928 Kiyoo Wadati alionyesha, kwa rekodi za Japani, kwamba yapo matetemeko yanayotoka mamia ya kilomita chini, na leo yanajulikana hadi karibu kilomita 700. La Bolivia la tarehe 9 Juni 1994, lenye ukubwa wa 8.2, lilianzia kilomita 630 hivi chini ya ardhi, na watu walilihisi hadi Kanada. La Bahari ya Okhotsk la tarehe 24 Mei 2013 lilifika 8.3, likitokea kilomita 600 hivi chini. Shinikizo la huko linazidi gigapaskali 20, yaani zaidi ya mara laki mbili ya shinikizo la hewa tunayovuta. Nyuso mbili za mwamba zilizobanwa namna hiyo haziwezi kuteleza kwa msuguano wa kawaida. Kuna kitu kinachozifungua, na mjadala mzima unahusu kitu hicho.

Orodha za kimataifa hugawa matetemeko hivi: ya juu hadi kilomita 70, ya kati hadi 300, ya kina hadi 700. Mgawanyo huo unaficha kundi moja ambalo mimi naliona la thamani kuliko yote kwa mtafiti wa kwetu: matetemeko ya ukoko wa chini wa bara, kati ya kilomita 25 na 40. Kwenye orodha yameandikwa kuwa ya juu. Kwa mwanajiolojia ni ya kina, maana yanatokea mahali ambapo mwamba ungetakiwa kutiririka. Nayo yapo hapa hapa. Katika eneo la Manyara, kaskazini mwa Tanzania, yamenaswa matetemeko ya kilomita 20 hadi 40 chini ya Bonde la Ufa.

Mawimbi

Seismomita ndiyo njia pekee inayokupa tetemeko lililo hai. Inakuambia lilitokea lini, wapi, kwa ukubwa gani, na upande upi wa ufa ulisukumwa kwenda wapi.

Kina chenyewe hupatikana kwa mbinu ninayoipenda kwa sababu unaweza kuifanya kwa rula juu ya karatasi. Wimbi la P, lile la kwanza kufika, husafiri moja kwa moja kutoka kwenye chanzo hadi kituoni. Wimbi jingine hupanda kwanza, likagonga uso wa dunia juu ya chanzo, likarudi chini na kufuata njia ya mwenzake kwa kuchelewa. Hilo huandikwa pP. Kadiri chanzo kilivyo chini, ndivyo linavyochelewa. Chukua tetemeko la Hindu Kush la tarehe 26 Oktoba 2015, lenye ukubwa wa 7.5, lililotokea Afghanistan kilomita 230 hivi chini. Kwa kituo kilicho mbali kama Kilima Mbogo, Kenya, wimbi la P huchukua kama dakika nane na nusu kufika, na pP huja karibu sekunde 50 nyuma yake. Tetemeko la kilomita 30 na kitu lingetoa pengo la kama sekunde 10 tu. Ukiona mapigo mawili yaliyoachana namna hiyo kwenye mchoro, hesabu ya kina iko mbele ya macho yako.

Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na njia nyingine mbili. Rekodi za Kilima Mbogo na za Mbarara, Uganda, zinapatikana bure kwenye intaneti; programu ya ObsPy ya kuzichambua nayo ni ya bure; na kituo cha kimataifa cha ISC, kilichopo Thatcham, Uingereza, kinatunza orodha ya matetemeko ya dunia nzima ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Mwanafunzi wa Bukavu au Dodoma mwenye kompyuta ya mkononi na intaneti ya kusuasua anaweza kufanya kazi ya maana.

Usichokipata ni sababu. Mwaka 1994 wengi walitarajia kwamba, ikiwa tetemeko la Bolivia lilisababishwa na madini yaliyobadilika ghafla kuwa mazito zaidi, mawimbi yangeonyesha mwamba ulioporomokea ndani. Hayakuonyesha mporomoko wowote mkubwa. Yalionyesha mtelezo wa kawaida, kama wa tetemeko la juu. Kwa seismomita, njia tofauti kabisa za kuvunjika zinaweza kufanana zikishafika kituoni.

Kasoro ya pili inatugusa sisi zaidi. Vituo vikiwa vichache na mbali, kina cha tetemeko la ukoko kinaweza kukosewa kwa kilomita nyingi, na kwa swali letu tofauti ya kilomita 15 na 30 ndiyo swali lenyewe. Ndiyo maana kazi nzuri za Manyara, Natron na Magadi zilifanywa kwa kupanda mtandao wa muda wa seismomita karibu na ufa, kwa miezi mingi. Mtandao wa Natron na Magadi wa 2013 na 2014 ulionyesha matetemeko ya ukoko wa chini yanayofuatana na nyufa zinazopitisha kaboni dayoksaidi kutoka chini. Ukichagua mawimbi, uliza mapema kama eneo lako lina vituo vya karibu. Kama halina, badilisha eneo au badilisha njia.

Mwamba

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia inayodharauliwa na ndiyo inayokuwezesha kuugusa ufa wenyewe.

Nyuso mbili za mwamba zinapoteleza kwa kasi ya mita moja kwa sekunde au zaidi zikiwa zimebanwa, joto la msuguano huyeyusha ukanda mwembamba katikati yao. Majimaji hayo hupoa kwa sekunde au dakika chache, yakaacha mshipa mweusi unaoitwa sudotakilaiti. Jina lilitolewa na S. J. Shand mwaka 1916 alipoeleza miamba ya Parys, Afrika Kusini. Mwaka 1975 Richard Sibson, aliyefanya kazi kwenye Visiwa vya Hebrides vya Uskoti, aliihusisha mishipa ya namna hiyo na matetemeko kwa hoja iliyokaa sawa: hakuna mwendo wa polepole wa mwamba unaoweza kuzalisha joto la kutosha kuuyeyusha ndani ya ukanda mwembamba hivyo. Ukiikuta sudotakilaiti ya ufa, umekuta tetemeko.

Kinachobaki ni kuthibitisha kwamba lilikuwa la kina, na ushahidi huo umo ndani ya mshipa. Karibu na Bergen, Norwei, kwenye kisiwa cha Holsnøy, Håkon Austrheim na Thomas Boundy walionyesha mwaka 1994 kwamba mishipa hiyo iliundwa wakati mwamba wa granulaiti, uliopikwa kwa joto kali ndani ya ukoko, ulipokuwa ukigeuka kuwa eklogaiti, mwamba wa shinikizo kubwa zaidi, katika kina cha kama kilomita 60. Ndani yake kuna vipande vya ganeti, madini magumu, vilivyoota kwa matawi, umbo linalotokea madini yanapoganda kwa haraka, na ganeti ya aina ile haiundiki juu juu bali inahitaji shinikizo kubwa. Kwa hiyo kasi na kina vimeandikwa ndani ya punje moja.

Ganeti zilizo pembeni ya mshipa zina habari nyingine. Ukikata mwamba hadi unene wa mikromita 30 na kuuweka chini ya hadubini ya elektroni, unaona punje imesambaratika kuwa mamia ya vipande vidogo, na vipande havikusogea. Ni kama kioo cha mbele cha gari kilichopigwa jiwe: kimejaa nyufa lakini bado kipo kwenye fremu yake. Kuponda madini magumu kiasi hicho bila kuyahamisha kunahitaji msukumo mkali wa muda mfupi sana, wa aina inayopita kwenye ncha ya ufa unapokimbia. Seismomita haiwezi kukuonyesha kitu cha ukubwa huo.

Mahali pengine pa kujifunzia ni Nusfjord, kijiji cha wavuvi katika visiwa vya Lofoten, Norwei. Mwamba wa huko ni anothosaiti, karibu wote madini ya plajioklesi, mkavu kabisa. Mishipa ya sudotakilaiti inaukata, na mingine imekandwa baadaye ikawa mailonaiti, mwamba uliotiririka ukiwa mgumu bado. Joto lilikuwa kati ya nyuzi 650 na 750 na shinikizo gigapaskali 0.7 hadi 0.8, sawa na kilomita 25 hadi 30 chini. Luca Menegon, Lucy Campbell na wenzao walisoma mpangilio huo wakafikia hoja ninayoiona nzuri sana: matofali makubwa ya mwamba mkavu yalikaa kati ya kanda laini zinazotiririka, kanda ziliposogea, mzigo wote ukaegemea matofali, mpaka yakakatika ghafla. Kwa maelezo hayo tetemeko la ukoko wa chini linaweza kuzaliwa palepale, bila kusukumwa kutoka juu.

Kundi la Bjørn Jamtveit huko Oslo lilisema vingine mwaka 2018: matetemeko ya ukoko wa chini yanaweza kuwa ya kufuatia, yakichochewa na makubwa yaliyotokea juu yake, nayo hufungua njia ya maji kupenya na kubadilisha mwamba. Ni watu wanaosoma miamba inayofanana, katika nchi moja, wenye majibu mawili. Hilo lisikukatishe tamaa. Lina maana kwamba swali bado liko wazi na tasnifu yako ina nafasi.

Njia hii ina mitego, na kila mmoja umewahi kumpotosha mtu makini. Mshipa mweusi peke yake hautoshi. Mwamba wa Parys uliompa Shand jina leo unahusishwa na kuanguka kwa kimondo kikubwa cha Vredefort, miaka bilioni 2 iliyopita. Kimondo nacho huyeyusha mwamba. Mshipa mwembamba wa basalti unaweza kufanana nao kwa macho, na vilevile unga wa mwamba uliosagwa bila kuyeyuka. Hata ikithibitika kuwa ni sudotakilaiti, huenda iliundwa juu juu wakati mwamba ulikuwa tayari umepanda, na hapo inakuwa haina la kusema kuhusu kina.

Mpaka wake mkubwa ni mmoja tu, nao hauvukiki. Miamba ya ukoko wa chini inarudi juu. Miamba ya mantili, tabaka lililo chini ya ukoko, inarudi mara chache. Huko Corsica kuna peridotaiti, mwamba wa mantili, yenye sudotakilaiti kutoka kwenye bamba (kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la dunia) lililozama, na Lanzo, Italia, ipo pia. Lakini hakuna ufa uliorudi kutoka kilomita 600. Kutoka kina hicho tunapata almasi tu. Mwaka 2014 almasi ya Juína, Brazili, ilikutwa na chembe ya ringwudaiti, madini yanayoundwa kwa shinikizo kubwa sana, yenye maji kama asilimia moja na nusu ya uzito wake. Ni ushahidi mkubwa kuhusu maji ya huko chini, lakini si ufa.

Maabara

Kilomita 600 ukizitaka, maabara haiepukiki.

Mwaka 1965 Barry Raleigh na Mervyn Paterson walibana sapentini, madini yenye maji ndani yake, wakaipasha moto. Ilipoanza kutoa maji, mwamba uliokuwa ukinyumbuka ukaanza kuvunjika. Wazo hilo limebaki kuwa maelezo ya kwanza ya matetemeko ya kati, yale ya bamba la bahari linalozama likiwa limebeba maji, ingawa majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote. Mwaka 1989 Harry Green na Pamela Burnley walitoa maelezo ya yale ya chini zaidi kwa olivini, madini makuu ya mantili ya juu, iliyotengenezwa kwa jemaniamu badala ya silikoni. Walionyesha kwamba olivini ikibaki na umbo la zamani kupita kina chake cha kawaida, kisha ikabadilika ghafla, chembe mpya ndogo sana hujipanga kuwa ukanda dhaifu na mwamba unateleza. Mwaka 2013 Alexandre Schubnel na wenzake waliweka vipokea sauti kwenye jaribio kama hilo wakasikia milio yenye tabia za matetemeko ya kina, ikiwa midogo mno.

Nguvu ya njia hii ni kwamba unabadilisha jambo moja na kuacha mengine. Ni wewe unayeamua joto na kiasi cha maji, ukarudia mpaka ujiridhishe. Mwamba wa Nusfjord hautakuruhusu hata kidogo kuurudisha nyuma.

Udhaifu wake ni ukubwa na mbadala. Kwa shinikizo la gigapaskali 20 sampuli ni ya milimita chache; Bolivia ufa ulienea makumi ya kilomita. Olivini ya jemaniamu ilichaguliwa kwa sababu hubadilika kwenye shinikizo dogo kuliko olivini halisi, na kila mtafiti anatakiwa akumbuke hilo anapoandika hitimisho. Mashine za kuzungusha mwamba kwa kasi ya tetemeko huuyeyusha vizuri kabisa, lakini kwa makumi ya megapaskali, mbali na gigapaskali moja ya ukoko wa chini. Na mashine hizi zinahitaji kituo kikubwa. Nyingine hutegemea miale ya sinkrotroni, mtambo mkubwa unaotoa eksirei kali. Kwa mwanafunzi aliye Dar es Salaam au Nairobi hiyo ina maana ya ufadhili, viza, na muda wa mashine unaogawiwa kwa zamu.

Zikiwekwa pamoja

Kwa kilomita 300 hadi 700, changanya mawimbi na maabara, uache nyundo nyumbani. Bolivia ni mfano mzuri. Mwaka 1998 Hiroo Kanamori na wenzake walitumia nguvu zilizopotea kwenye tetemeko hilo kutoa hoja kwamba ufa uliyeyuka wenyewe ulipokuwa ukiteleza. Mawimbi yalitoa hesabu, na fizikia ya kuyeyuka ikatoa sababu. Kila mmoja peke yake angeishia njiani.

Kwa kilomita 70 hadi 300 zote tatu zina kazi, na ndipo uchaguzi ni mgumu kweli. Kama swali lako ni maji yalitoka wapi, mwamba wa Corsica au Lanzo utakujibu vizuri kuliko mashine. Kama ni kwa nini kina fulani kina matetemeko mengi kuliko kingine, mawimbi ndiyo yenye idadi ya kutosha. Tetemeko moja lililoganda kwenye mwamba ni tetemeko moja, na kulifanya liwakilishe bamba zima ni kosa ambalo wasomaji wa tasnifu hulikamata haraka.

Kwa ukoko wa chini, kilomita 25 hadi 40, mimi ningechagua mwamba bila kusita, nikiwa na mawimbi pembeni. Na hapa Afrika Mashariki ina bahati ambayo haijatumiwa vya kutosha. Chini ya Manyara na Natron kuna matetemeko ya ukoko wa chini yanayotokea sasa. Kilomita mia chache kutoka hapo, katika milima ya Pare, Usambara na Uluguru, ukoko wa chini wa zamani umelala juani. Hizo ni granulaiti zenye ganeti, zilizopikwa kilomita 30 na zaidi chini ya ardhi karibu miaka milioni 640 iliyopita, mabara ya Gondwana yalipokuwa yakigongana. Ni za zama nyingine na mgongano mwingine, kwa hiyo usidai kwamba mshipa wa Pare ni tetemeko la Bonde la Ufa. Lakini ni mwamba wa aina ile ile, mkavu na mgumu, na kwa nauli ya basi unaweza kuuangalia kwa lenzi ya mkononi.

Ukiamua hivyo, siku ya kwanza uwandani usiuguse mshipa kwa nyundo kabla ya kupima mwelekeo wake na kuweka alama ya kaskazini na ya juu kwenye jiwe, maana sampuli isiyo na mwelekeo haiwezi kukuambia upande upi uliteleza. Tafuta matawi madogo yanayotoka kwenye mshipa mkuu na kuingia kwenye mwamba wa pembeni. Majimaji yaliyokuwa na shinikizo ndiyo yanayosukuma hivyo, na unga uliosagwa ukavu mara chache hufanya hivyo. Tafuta tabaka lililokatwa, upime limesogezwa umbali gani. Kisha chukua sampuli mbili kwa kila mshipa: moja inayoushika mshipa pamoja na ukingo wake wote, na nyingine ya mwamba huo huo mita kadhaa pembeni, ambako ufa haukupita. Bila ile ya pili, ganeti zilizopondeka hazina cha kulinganishwa nacho.